Rolakosta chukueni nyie, mimi nipeni bembea kubwa

Mwezi uliopita nilikuwa juu ya kenchi nachomelea, jua lile la saa nane la Tabora linakupiga mpaka koleo inachoma mkononi, simu ikaita. Mzee mmoja wa hapa mjini, jina namhifadhia, akasema fundi ukishuka huko pita kwangu nina kazi ya maana. Sasa kazi ya maana kwa sisi wachomeleaji ni geti kubwa au grili za nyumba nzima, kwahiyo nikashuka, tepu mfukoni, nikaenda nikijua naenda kupima geti.

Shikamoo mzee. Marahaba, kaa hapo. Nikaletewa maji, nikaletewa michembe kwenye sahani, alafu mzee akatoa simu, akahangaika nayo weee, akamwita mjukuu, mjukuu akaifungua, nikaonyeshwa video. Ilikuwa ile rolakosta (vile vigari vya burudani vinavyokimbizwa juu ya reli iliyopinda, inayopanda na kushuka) ya Abu Dhabi, Formula Rossa, ya pale Ferrari World, ile inayorushwa mpaka kilomita 240 kwa saa ndani ya sekunde kama 5 na abiria wanavalishwa miwani, yani kama miwani yangu ya kusagia vyuma, wadudu wasiwaingie machoni. Video ikaisha. Mzee akanitazama usoni.

"Fundi, hii kitu unaniwekea kwa shilingi ngapi?"

Sikucheka jamani. Kwanza ni mzee, pili mi mwenyewe siko sawa. Nina kaunta buku mbili zimejaa michoro ya paki za bembea (nikisema paki simaanishi pa kupaki magari, namaanisha vile viwanja vikubwa vya burudani vya Ulaya na Marekani, na siku hizi Uarabuni). Nimeanza kuchora enzi za intaneti kafe, kulikuwa na gemu la kompyuta la kujenga paki, unaweka bembea, unaweka kibanda cha chipsi, unaweka vyoo, watu wakikosa vyoo wananuna, wenzangu walikuwa wanalipia nusu saa waangalie mambo ya mpira mi nalipia lisaa zima nipange bembea. Mke wangu anajua. Mpwa wangu Masanja wa darasa la sita anajua. Wengine wote wanajua mi ni fundi mageti.

Kwahiyo mzee ananiuliza bei ya rolakosta kama anauliza bei ya kilo ya misumari na mimi kichwani nishafika mbali kabisa.

Nikamuuliza kiwanja kina ukubwa gani. Eka moja na nusu, njia ya kwenda Ipuli kule kwenye viwanja vya Nane Nane, kina miembe sita na mmoja wa katikati haukatwi kwa namna yoyote maana aliupanda mama yake. Nikamwambia mzee, reli ya hiyo uliyoiona ina urefu wa kama kilomita 2, hata tukiikunjakunja kama matumbo ya mbuzi haitoshi hapo. Akafikiri kidogo akasema, "Basi ifupishe."

Hapo ndo nikamwambia kitu ambacho nimekuwa nakisema miaka yote na hakuna anayenisikiliza, na ndo maana leo nakiandika. Rolakosta sio kitu cha kutamani. Cha kutamani ni bembea kubwa. Namaanisha zile mashine ambazo zimesimama sehemu moja, haziendi popote, zinazunguka au zinabembea au zinafanya vyote kwa pamoja. Wenyewe huko wanaziita flati raidi, jina ambalo huwa linanichekesha maana flati ni kitu bapa, na baadhi zinapanda juu kama jengo la ghorofa 17.

Nikiwa mdogo sikukuu ya Iddi ilikuwa na bembea. Ile ya duara, inasimama wima, vikapu vinne vya mbao vimepakwa rangi ya bluu na nyekundu, vijana wawili vifua wazi wanaisukuma kwa mikono, mmoja anavuta kikapu kushuka mwingine anasukuma kupanda, na ukiwa na hela ya mara mbili wanakuongezea kasi. Baadae ikaja nyingine kubwa zaidi, ya chuma, inaendeshwa na injini ya mashine ya kusaga imefungwa mkanda. Mwaka huo nilipanda na dada yangu. Raundi ya tatu, sisi ndo tuko juuu kabisa, injini ikakohoa ikazima. Dizeli imeisha. Mwenye bembea kamtuma mtu na kidumu, na huyo mtu sijui alipitia kwao kula pilau kwanza, tumekaa kule juu mpaka kivuli cha bembea kikahama. Dada analia. Mimi nimeshika chuma cha pembeni, na nakumbuka kabisa kile chuma, kimechomelewa vibaya, kina mabonge mabonge kama uji uliopoa, nadhani ndo siku niliyoanza kuangalia maungio ya watu.

Ila sio hiyo ninayotaka kusema. Ninayotaka kusema ni bibi. Bibi alitusindikiza tu, hakupanda, hakuwa na mpango wa kupanda, alikaa chini kwenye khanga yake na karanga zake. Injini ilipozima akasimama. Akaanza kumwambia mwenye bembea maneno ambayo siyaandiki hapa, akawapanga vijana, nyie shikeni hapa, nyie vuteni kule, wakaanza kuizungusha kwa mikono kikapu kimoja kimoja mpaka tukashuka. Hela haikurudishwa. Na ile stori bibi aliisimulia mwaka mzima, kila mgeni aliyeingia nyumbani aliisikia, anaigiza mpaka dada anavyolia, na mtu akisikiliza anaweza kuapa kwamba bibi alikuwa ndani ya kile kikapu. Katika sisi watatu aliyefaidi ile bembea kuliko wote ni yule ambaye hakulipa.

Hiyo ndo hoja yangu yote. Rolakosta ukimpandisha mwanao inaondoka nae. Unaona kisogo, kelele zinasikika huko nyuma ya miti, baada ya dakika mbili anarudi nywele zimesimama anakuhadithia alichokiona na wewe unaitikia tu eeh, eeh, kama unasikiliza habari za nje. Bembea kubwa haina siri. Yote inafanyika mbele yako, anaenda juu unamuona, anarudi chini unamuona uso ulivyobadilika, mdomo wazi, kandambili imechomoka mguu mmoja, unamcheka, anakuona unavyomcheka. Na kwa mji kama wetu ambapo familia ya watu sita inakuja na tiketi za wawili, mashine inayowalisha wawili peke yao hiyo ni hasara tupu.

Na msidhani hili ni la kwetu sisi wenye hela za kuunga. Ile bembea kubwa ya kwanza kabisa yenye jina duniani, ya George Ferris, ilijengwa kwa ajili ya kuonekana. Wafaransa walikuwa wameshasimamisha mnara wa Eiffel mwaka 1889 kwa maonyesho yao, Wamarekani nao wana maonyesho yao Chicago 1893, wanatafuta cha kuwajibu. Watu wakaleta michoro ya minara mirefu zaidi, mnara juu ya mnara, Ferris yeye akaleta gurudumu. Mita 80 kwenda juu. Vyumba 36, kila chumba watu 60, ekseli peke yake ina kama tani 40, hebu fikiria umepewa kazi ya kupandisha ekseli ya tani 40 juu ya nguzo mwaka ambao hata reli ya kati haijaota hapa kwetu. Kiingilio cha maonyesho yote kilikuwa senti 50, na kupanda gurudumu nako senti 50, yani kitu kimoja kimejithaminisha sawa na maonyesho mazima, na watu wakalipa. Wasiolipa walisimama chini vichwa juu. Ferris mwenyewe alifariki 1896 akiwa na miaka 37 tu, na gurudumu lake likaja kulipuliwa na baruti 1906, likauzwa chuma chakavu. Huwa hiyo sehemu ya chuma chakavu inaniuma kidogo, kila nikienda kununua skrepa naiwaza.

Sasa kwanini kubwa, sio bembea tu ilimradi bembea? Mzee nae aliniuliza hivyo hivyo, akasema si uniwekee vidogo vidogo vingi. Hapa ukubwa sio mbwembwe, kuna kitu kinabadilika kabisa, na unaweza kukiona nyumbani kwako leo. Chukua timazi ya fundi mwashi, ile kamba yenye kichuma chini. Ikate kamba iwe mita 1, ining'inize, isukume kidogo, hesabu kwenda na kurudi mara 10. Utapata kama sekunde 20, yani sekunde 2 kila mzunguko. Badili kichuma weka kizito zaidi, sekunde ni zile zile. Masanja alibisha, tukafunga nyundo, zile zile. Sasa swali, ukitaka iende kwa sekunde 4 unaongeza kamba kiasi gani? Masanja akasema mita 2. Mimi pia siku ya kwanza ningesema mita 2. Tulipanda mwembe wa nyuma ya nyumba tukafunga kamba kwenye tawi, mita 2 haikufika, haikukaribia, tukaongeza tukaongeza mpaka mita 4 ndo ikagonga 40 kwa mara kumi. Ukitaka kuongeza muda mara mbili, urefu unaongeza mara nne.

Kwahiyo mkono wa chuma wa mita 25 ukiuning'iniza unakupa kama sekunde 10 kwenda na kurudi, na ukiurusha juu sana unachelewa zaidi ya hapo. Sekunde kumi! Bembea ya uwanjani inakutikisa kama trekta, nyakunyaku, hujamaliza kuogopa kwenda ushaanza kuogopa kurudi, huo ni msukosuko tu. Kubwa inakupa nafasi. Inakupandisha pole pole kuelekea juu, inapunguza, inapunguza, alafu kuna nukta pale mwisho inasimama. Haijashuka bado. Mwili hauna uzito, ni kile kitu unachokisikia tumboni ukiwa siti ya nyuma ya basi na dereva hajaliona tuta, ila ya basi ni ya kufumba na kufumbua na hii unaishi nayo, una muda wa kuangalia chini ukaona paa la nani limepiga kutu. Alafu inakuachia. Na ukipita pale chini kabisa ambapo kasi ndo kubwa kuliko zote unakandamizwa kwenye kiti, mashavu yanashuka, unakuwa mzito kama umebeba mwenzio. Mwepesi, mzito, mwepesi, mzito, ila kwa mwendo wa mtu mzima.

Kuna moja iko California kwenye paki ya Six Flags Magic Mountain inaitwa CraZanity, ilifunguliwa 2018, imetengenezwa na Waitaliano wa kampuni ya Zamperla. Hiyo ndo ya ghorofa 17 niliyoisema. Watu 40 wamekaa duara wamegeuzia nyuso nje, duara linazunguka huku mkono unabembea, inafika kilomita 113 kwa saa. Nimeiangalia video yake usiku bando mpaka imekata. Kitu kinachonivutia ni mota, maana haiinui wale watu kwa mara moja, haiwezi na haina haja. Inasukuma kidogo wakati wanashuka, inasubiri, inasukuma kidogo, vile vile dada anavyomsukuma mdogo wake kwenye bembea ya kamba, ukisukuma kwa wakati wake hata mkono mdogo unamrusha mtu mzima.

Na ya kuzunguka je? Hapo ndo watu wengi wananikatalia, wanasema mi nikizungushwa natapika. Sawa. Ila unatapika kwasababu umezungushwa na kitu kidogo. Wote tushawahi kuzungusha ndoo ya maji juu ya kichwa tukitumwa bombani, maji hayamwagiki, bibi anakuona anakuuliza unataka kumwagia nani. Yale maji yamebanwa kwenye kitako cha ndoo na mzunguko. Ukitaka binadamu abanwe hivyo kwa nguvu sawa na uzito wake mwenyewe, kwenye duara ambalo amekaa mita 1 na nusu kutoka katikati inabidi umzungushe kama mara 24 kwa dakika, hapo lazima vimaji vya ndani ya sikio vichanganyikiwe. Mpeleke mita 6 kutoka katikati, mara 12 tu zinatosha, nguvu ni ile ile ila dunia inapita taratibu, unaona sura za watu. Kuna mashine inaitwa Enterprise, ilianza kutengenezwa 1972 huko Ujerumani, duara la vichumba linaanza limelala kama sahani, likishashika kasi mkono wa chini unalinyanyua mpaka linasimama karibu wima, na watu wanapita juu vichwa chini, na nyingi hazikuwa na mkanda wowote, kinachokushikilia ni mzunguko ule ule ulioshikilia maji ya ndoo. Mara ya kwanza kuiona nilirudisha video nyuma mara nne kutafuta mkanda.

Sisemi ndogo zote mbaya, nisije nikashambuliwa. Kuna ile ya Herbert Sellner wa Minnesota, ya 1926, Tilt-A-Whirl, vibanda saba vinajizungukia kwenye sakafu yenye mabonde, hakuna anayejua kibanda chake kitageukia wapi raundi inayofuata, mpaka wanafizikia walikuja kukaa chini 1994 wakaandika makala kuonyesha kwamba kweli haitabiriki. Hiyo naiheshimu. Ina akili. Ila ni ya aliyepanda tu, ukiwa nje unaona vibanda vinageuka basi.

Tuje kwenye chuma sasa, hapa naongea kama fundi. Tarehe 26 Julai 2017 kwenye maonyesho ya jimbo la Ohio huko Marekani bembea moja ya kurusha na kuzungusha ilikatika mkono ikiwa kazini, mtu mmoja akafariki na wengine saba wakaumia. Ilikuwa imekaguliwa. Rangi ilikuwa inang'aa. Waliotengeneza mashine walipochunguza wakakuta kutu imekula boriti kwa ndani, miaka na miaka, mpaka ukuta wa chuma umekuwa mwembamba. Niliposoma ile nilinyamaza nikaenda nje. Kwasababu sisi wote tunaofanya kazi na paipu za mraba tunalijua hili, paipu kwa nje imepigwa rangi mbili tatu safi, unaigonga na nyundo inalia puu badala ya kulia ting, ukiikata unamwaga unga wa kahawia kama ugoro. Geti likifanya hivyo litaanguka kwenye mguu wa mtu. Mkono wenye watu hauna msamaha huo. Ndo maana mzee aliponiuliza "wewe huwezi kuunda?" nikamjibu hapana mzee, na mtu yeyote hapa mjini akikwambia anaweza mkatae, hizo zinaagizwa na karatasi zake, na zinapimwa chuma kwa ndani na vifaa, sio kwa kupigwa jicho.

Alikaa kimya hapo. Nikafikiri nimeharibu kazi.

Alafu akasema, haya kama ingekuwepo ingekaa wapi? Jamani. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hilo swali. Nikakimbilia nyumbani na bodaboda nikaleta kaunta buku.

Nilimchorea kwenye vumbi na kijiti kwanza maana hakuwa na miwani. Kosa la paki nyingi ni kuficha mashine kubwa nyuma huko ili watu watembee wapite madukani, mimi naiweka karibu na barabara ionekane na mtu wa daladala, anayepita akisikia kelele ageuze shingo. Mkono wa kubembea sio lazima mita 25, hata wa mita 8 unakupa karibu sekunde 6, kwa mji wetu ambao umekaa tambarare mita chache tu unaona miembe yote na minara ya misikiti. Inakula nafasi ndogo, rolakosta inataka shamba, hii inataka uwanja wa kama voliboli na uzio wake. Na umeme ukikatika, maana utakatika, timazi inarudi yenyewe chini. Inabembea inapungua inasimama, watu wanafunguliwa kwa mkono wanashuka. Gurudumu likikatikiwa unabaki na watu juu na bibi wa mtu anakutukana chini, hiyo mi nina ushahidi.

Fundi mwenzangu nilipomsimulia akasema mnaota mchana nyie wawili, hapa watu wanataka bia na nyama choma, na akaongeza kwamba SGR ikikamilika watu watapita tu Tabora hawatashuka. Nikamwambia Tabora ni mji wa reli tangu enzi za Mjerumani, na leo ni njia panda, wa Kigoma, wa Mwanza, wa Mpanda wote wanagusa hapa, watu wanakaa stesheni masaa hawana pa kwenda na watoto. Akasema watoto wana simu. Tukaachana hapo, bado hatujamaliza.

Kazi iliyofanyika kweli ni hii. Mzee kanipa oda ya bembea nne za minyororo na moja ya kuzunguka ya watoto, ile ya kusukuma kwa mguu. Ya kuzunguka ndo nimeitolea roho. Sikutumia paipu ndani ya paipu kama wengi wanavyofanya, ikila grisi inaanza kulia kiii kiii mtaa mzima unajua watoto wanacheza. Nilienda kwa wauza vyuma chakavu nikapata habu ya nyuma ya Fuso na beringi zake mbili bado nzima, nikaziosha na dizeli, nikapaka grisi mpya, nikaichimbia chini na zege, juu nikafunga sahani ya mita 3 kwa upana. Maungio yote nimesaga nikapitisha kiganja. Mabomba nimeyaziba miisho yote maji yasiingie na chini nikatoboa tundu, yakiingia kwa bahati mbaya yatoke. Ukiisukuma kwa kidole kimoja ikiwa tupu inazunguka mpaka unaisahau, unaenda kunywa chai unarudi bado inaenda, kimya kabisa.

Jumamosi tumeijaribu na wajukuu zake na Masanja. Walikaa wanane, tisa, wakazidi, mimi nikawa nawashusha wengine. Majirani wakaja kusimama. Mzee hakukaribia mashine, alienda akasimama chini ya ule mwembe wa mama yake, pale katikati, akawa anaangalia tu, anaonyesha kidole, anacheka yule mdogo aliyeng'ang'ania shati la mwenzie. Amesimama lisaa na miguu inamsumbua.

Walipochoka akaniita. Kaunta buku yangu ilikuwa bado kwake, kwapani, ukurasa wa ule mkono wa mita 8 kaukunja kona. Akauliza tena ile kubwa nilisema inakaa upande gani, nikamuonyesha, pale mbele kuelekea barabarani. Akapima kwa hatua kutoka kwenye shina la mwembe mpaka pale, hatua 22, akarudi pale pale kwenye kivuli akageukia barabarani akaangalia juu hewani, hakuna kitu, waya za umeme na kunguru tu.

"Basi benchi niwekee hapa," akasema. "Mbili. Zenye pa kuegemea."

Nazikabidhi Ijumaa.